Dhahabu Nyekundu na Ganda Lake

Kipimo cha haraka cha malaria wengi wetu tunakijua. Kidole kinachomwa, tone la damu linaingia kwenye kitundu, matone ya maji ya kipimo yanafuata kwenye kitundu cha pili, kisha unarudi kwenye benchi kusubiri robo saa. Mstari mmoja, huna. Miwili, unayo, ingia kwa daktari. Nimewahi kumsikia mama mmoja pale benchini akimweleza mwenzake kwamba ule wekundu ni damu yenyewe imepanda, na mwenye damu nyingi mstari wake hukolea. Maelezo mazuri, ila si kweli. Kazi ya damu pale ni kuleta protini ya kimelea. Kinachopaka rangi mstari, katika vipimo vingi vya aina hiyo, ni dhahabu.

Dhahabu kweli, ndugu yake ile ya pete ya ndoa. Imetengenezwa kwa chembe zenye kipenyo cha nanomita 40 hivi. Zipange 25,000 kwa mstari ndipo utimize milimita moja. Usianze kukusanya vipimo vilivyotumika ukidhani utatajirika.

Hapo yanazuka maswali mawili. Dhahabu tunayoijua ni ya njano, sasa nyekundu imetoka wapi? Na chembe ndogo kiasi hicho, zilizokaa ndani ya pakiti miezi kwa miezi kwenye stoo yenye joto, mbona hazijashikana zikawa donge? Vitabu huyajibu maswali haya katika sura mbili tofauti. Kwangu ni swali moja, maana majibu yote mawili yamekaa mahali pamoja: kwenye ngozi ya chembe, pale metali inapokutana na kisichokuwa metali.

Ndoo ya maji kichwani

Ndani ya metali kuna elektroni, vijichembe vyenye chaji hasi ya umeme, zisizo na mwenyewe. Hazifungwi na atomu yoyote, zinazurura kipande kizima. Mwanga nao ni uwanja wa umeme unaoyumba huku na huko. Ule wa kijani huyumba zaidi ya mara trilioni 500 kwa sekunde. Ukipita kwenye chembe iliyo ndogo sana kuliko wimbi lake, elektroni zote husukumwa kwa pamoja upande mmoja, kisha upande wa pili. Zikisogea kulia, kushoto hubaki chaji chanya inayozivuta zirudi. Zinarudi, zinapitiliza, zinavutwa tena.

Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani analijua jambo hili kuliko vitabu. Maji ndani ya ndoo yana mwendo wake wa kuyumba. Hatua zako zisipolingana na mwendo huo, yanatulia. Zikiangukia sawasawa nao, hata kama unatembea taratibu, maji yanaruka na mgongo unalowa. Elektroni nazo zina mwendo wake, na mwanga ukija kwa hatua zinazolingana nao, chembe huumeza kwa pupa. Myumbo huo wa pamoja unaitwa plasmoni.

Kwa chembe ya dhahabu ya mviringo, ya nanomita 15 au 20, ndani ya maji, hatua zinazolingana ni za mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi. Huo ni wa kijani. Kijani kikimezwa, kinachobaki kufika machoni ni chekundu, wekundu wa juisi ya rozela. Fedha, tunayoijua nyeupe, humeza mwanga wa zambarau karibu na nanomita 400, kwa hiyo maji yake huwa ya njano kama samli iliyoyeyuka. Hakuna rangi iliyotiwa mahali popote.

Na rangi hii haichujuki. London, katika British Museum, kuna kikombe cha Kirumi cha karne ya 4 kiitwacho kikombe cha Lycurgus. Mwanga ukikipiga kwa nje ni cha kijani kizito. Ukiweka taa ndani yake kinakuwa chekundu kama kaa la moto. Siri yake ni chembe za mchanganyiko wa fedha na dhahabu zenye ukubwa wa nanomita 70 hivi, zilizotawanyika ndani ya kioo: kijani ni mwanga unaotawanywa nazo, chekundu ni ule uliofaulu kupenya. Mafundi wale hawakujua lolote kuhusu elektroni. Ila angalia jambo moja ambalo wengi hulipita haraka: zile chembe zimedumu kwa zaidi ya miaka 1,600 kwa sababu kioo kimezishika, kila moja mahali pake. Kioo ndilo ganda lao.

Chumvi ya mezani

Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, aliliona tatizo la ganda mapema. Mwaka 1857, mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, alieleza jinsi alivyopata maji mekundu kwa kuichambua chumvi ya dhahabu kwa fosforasi, akasema wekundu ule ni dhahabu yenyewe iliyosagika mno. Chupa zake kadhaa bado zinahifadhiwa Royal Institution, London. Katika majaribio hayohayo alitia chumvi ya kawaida, na wekundu ukageuka buluu. Akatanguliza jeli kwanza kisha akatia chumvi. Safari hii rangi ikabaki.

Majaribio hayo mawili ndiyo somo zima. Chembe za dhahabu ndani ya maji zinavutana muda wote, na zikigusana haziachani tena. Kinachozizuia ni chaji. Chembe zikiwa zimezungukwa na ioni hasi, yaani atomu au molekuli zenye chaji hasi, zinasukumana. Ukitia chumvi, ioni za sodiamu zinajikusanya kuzizunguka na kuzifunika zile chaji, msukumano unafifia, chembe zinasogeleana. Zikisogeleana sana myumbo wa moja unaanza kuitikisa jirani yake, zinayumba kama kundi, na kundi huyumba polepole kuliko mmoja. Mwanga unaomezwa unahama kutoka kijani kwenda kwenye machungwa na nyekundu, macho yanaona buluu. Baadaye kijivu. Kesho yake unakuta vumbi jeusi chini ya chupa.

Jeli inafanya kazi kwa njia nyingine. Haitegemei umeme, inaiotesha chembe manyoya marefu. Fikiria maharusi wawili wenye magauni mapana ya duara wanaotaka kukumbatiana: mikono haifiki. Richard Zsigmondy, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925, alibuni kipimo cha nguvu ya manyoya hayo na kukiita namba ya dhahabu. Unachukua mililita 10 za maji mekundu, unatia mililita moja ya maji ya chumvi ya asilimia 10, kisha unatafuta ni miligramu ngapi za kinga zinazotosha kuzuia rangi isigeuke. Jelatini inatosha kwa sehemu ya mia ya miligramu au pungufu. Gundi ya mgunga, ile wanayoiita gundi ya Kiarabu, inahitajika mara nyingi zaidi ya hapo, ingawa Wamisri wa kale waliitegemea hiyohiyo kuzuia masizi ya wino wao yasizame. Napenda kipimo hiki kwa sababu hakihitaji mashine. Jicho, chumvi na saa.

Nami nilikifanya bila kukusudia. Njia ya kutengeneza chembe hizi inayofundishwa kila mahali imejikita katika kazi ya John Turkevich na wenzake ya mwaka 1951: chemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, tia sitrati ya sodiamu, koroga. Kwanza maji ya manjano hafifu yanapauka kabisa, na mwanafunzi anadhani ameharibu. Baada ya dakika moja au mbili yanakuwa ya kijivu cha buluu, halafu zambarau, halafu ghafla mekundu. Ukishaona tukio hilo mara moja hutalisahau. Siku ya kwanza nilioshea chupa maji ya bomba nikaisuuza harakaharaka, na maji ya bomba mtaani kwetu yalikuwa ya kisima, yenye chumvi unayoionja ulimini. Nilifika hadi zambarau, nikasubiri wekundu. Badala yake ikarudi kijivu. Siku hizi chupa za kazi hii huoshwa kwa mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na ya nitriki, tatu kwa moja, mchanganyiko unaoyeyusha hata dhahabu yenyewe, kisha maji yaliyotoneshwa, tena na tena.

Sitrati ndiyo inayoizunguka chembe kwa ioni hasi, lakini ni koti la asubuhi tu, chepesi na la kuvuliwa. Ukitaka chembe iingie kwenye damu, kwenye rangi ya ukuta au kwenye karatasi ya kipimo, inabidi uivishe kitu cha kudumu. Kwenye kipimo cha malaria koti hilo ni kingamwili, protini inayomtambua kimelea, na mapengo yanayobaki huzibwa kwa protini nyingine ili chembe isinate hovyo kwenye karatasi. Kabla ya kukaushwa, vyote hutiwa na sukari. Sukari inakaa mahali pa maji yaliyoondoka, na tone lako linapofika miezi kadhaa baadaye chembe zinaamka na kuanza kutembea zikiwa moja moja, bado nyekundu.

Kuivisha kioo

Koti linalopendwa na wanaochunguza mwanga ni silika, yaani kioo. Haliingiliani na mwanga unaoonekana, haliozi, na unaweza kuamua unene wake. Shida ni kwamba dhahabu haipendi kioo hata kidogo. Ukitia malighafi ya silika kwenye maji mekundu, silika inajijenga pembeni kama mgeni asiyekaribishwa, na dhahabu inabaki uchi.

Mwaka 1996 Luis Liz-Marzán, Michael Giersig na Paul Mulvaney walichapisha ufumbuzi ambao bado unafuatwa. Kwanza unatia molekuli yenye vichwa viwili: kichwa kimoja kina nitrojeni na kinashika dhahabu, cha pili kina silikoni na kinaangalia nje. Sasa chembe ina ngozi ambayo kioo kinaitambua. Kisha unatia maji ya silikati ya sodiamu na kuyaacha yajijenge taratibu kwa siku nzima hadi upate utando wa nanomita chache. Ukishakuwa na utando huo unaweza kuhamia kwenye spiriti, ukatia amonia na chanzo cha silika, na kukuza ganda hadi makumi ya nanomita. Ukiharakisha hatua ya katikati utapata silika tupu zisizo na dhahabu ndani, au dhahabu tatu nne zimefungwa ganda moja kama pacha. Kwa fedha ni vigumu zaidi, kwa sababu amonia hiyohiyo inayokuza ganda huila fedha kabla haijafunikwa.

Je, rangi inafanyaje? Rudi kwenye ile nguvu inayozirudisha elektroni. Zinaporundikana upande mmoja, molekuli za jirani, ziwe za maji au za kioo, nazo hujigeuza, ncha zao chanya zikielekea kwenye elektroni. Kwa kufanya hivyo zinapunguza mvuto unaozirudisha. Kamba imelegea, myumbo unakuwa wa polepole, mwanga unaomezwa unakuwa wa wimbi refu zaidi. Kioo hujigeuza zaidi kuliko maji: kiwango cha kupinda mwanga ni 1.33 kwa maji na karibu 1.45 kwa silika. Kwa hiyo kadiri ganda linavyonenepa, kilele cha mchoro kwenye spektrofotomita, mashine inayochora ni kiasi gani cha kila rangi ya mwanga kimezuiwa kupita, husogea kuelekea nyekundu kwa nanomita chache. Kwa jicho huoni kitu. Kwa mashine unaona vizuri, na kusogea huko hukoma ganda likishakuwa nene kiasi kwamba elektroni hazijui tena kama nje kuna maji au la.

Ukiendelea kunenepesha, mambo yanageuka. Maji mekundu yanaanza kuwa na ukungu kama togwa. Ganda sasa ni kubwa kiasi cha kutawanya mwanga lenyewe, hasa wa mawimbi mafupi, na mtawanyiko huo unapanda juu ya mchoro wa dhahabu hadi kilele kinaonekana kama kimerudi nyuma kuelekea buluu. Hakijarudi. Ni mwanga wa ganda umechanganyika na wa kiini, na anayesoma namba ya kilele bila kuangalia umbo la mchoro mzima hudanganyika hapo.

Dawa yake unaweza kuiona jikoni. Chukua kijiti cha kioo cha maabara, kile kisichopasuka kwa moto, kitie kwenye glasi ya mafuta ya kupikia. Sehemu iliyozama inapotea, kwa sababu mafuta na kioo hicho hupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribiana sana. Watafiti hufanya vivyo hivyo: wanahamisha chembe kwenye kimiminika chenye kiwango cha silika, ganda linatoweka machoni, ukungu unafutika, na wekundu wa dhahabu unarudi safi. Ganda bado lipo.

Unene wenyewe unapimwa kwa njia mbili ambazo hazikubaliani sana. Hadubini ya elektroni inaonyesha nukta nyeusi ndani ya duara la kijivu, unapima kwa rula. Lakini hizo ni chembe mia moja au mia mbili, zimekaushwa, na ganda la silika likikauka linanywea kidogo. Mwanga unasoma mabilioni kwa mkupuo mmoja yakiwa bado majini, ila haukupi unene moja kwa moja; lazima ulinganishe mchoro wako na hesabu. Hesabu ya tufe lisilo na ganda iliandikwa na Gustav Mie mwaka 1908, na ya tufe lenye ganda na Aden na Kerker mwaka 1951. Vipimo viwili vikitofautiana, mimi huanza kwa kuishuku sampuli, wala siyo hesabu.

Ganda lina faida moja inayoonekana bila mashine. Kausha tone la dhahabu yenye sitrati juu ya kioo cha dirisha: linageuka la buluu kwa sababu chembe zimegusana. Kausha tone la chembe zenye ganda nene la silika: linabaki jekundu, maana hata zikibanana kiasi gani, kati ya dhahabu na dhahabu kuna kuta mbili za kioo. Maganda membamba yanatoa rangi za katikati. Metali ileile, chembe zilezile, rangi inapangwa kwa upana wa ukuta.

Maganda mengine

Makoti hayako sawa. Molekuli zenye salfa hung'ang'ania dhahabu kuliko kitu kingine chochote, na mwaka 1994 Mathias Brust na wenzake wa Liverpool walizitumia kupata chembe za nanomita 1 hadi 3 unazoweza kuzikausha zikawa unga, ukaweka kabatini, kisha ukaziyeyusha tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini unga huo ni wa kahawia. Chembe zikiwa ndogo hivyo plasmoni huishiwa nguvu, na salfa nayo huzidi kuituliza, kwa sababu imeshikana na elektroni zenyewe za juu. Ni kama yale majani ambayo mama zetu huyaweka juu ya maji ya ndoo: ndoo ileile, hatua zilezile, ila maji hayaruki tena. Silika haina tabia hiyo. Inasogeza kilele bila kukifuta.

Ganda la metali juu ya metali ni habari nyingine kabisa. Ivishe dhahabu koti la fedha, na wekundu utahamia machungwa, kisha njano, fedha ikishika usukani. Au geuza mpango mzima, kama walivyofanya Naomi Halas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, mwaka 1998: kioo kikawa kiini, dhahabu ikawa ganda. Sasa elektroni zina nyuso mbili za kuyumbia, ya ndani na ya nje, na jinsi ganda linavyokuwa jembamba ndivyo nyuso hizo zinavyoitikiana kwa nguvu na rangi kukimbilia infraredi, mwanga ulio nje ya nyekundu usioonekana kwa macho. Karibu na nanomita 800 nyama ya mwili haimezi mwanga sana, kwa hiyo laser inapenya na chembe ndizo zinazopata moto. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya awali ya tiba ya namna hiyo kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Ni wachache mno kujenga hoja kubwa.

Ganda linalonivutia zaidi ni jembamba kuliko yote. Mwaka 2010 kundi la Tian Zhongqun wa Xiamen, China, lilivisha dhahabu ya nanomita 55 utando wa silika au alumina (oksidi ya alumini) wa nanomita chache tu, kisha wakanyunyiza chembe hizo juu ya kitu wanachotaka kukichunguza. Plasmoni hukuza uwanja wa mwanga pembeni mwa chembe, na molekuli iliyo karibu hutoa mwanga wenye alama zake yenyewe mara nyingi zaidi ya kawaida. Waliweza kusoma hata mabaki ya dawa ya wadudu kwenye ganda la chungwa. Unene wa utando ndio kila kitu. Ukizidi, nguvu haifiki nje. Ukipungua, unaacha matundu, na dhahabu inagusa sampuli na kuanza kusimulia habari zake badala ya za chungwa.

Matundu hayo huyaoni hata kwa hadubini nzuri. Unayatafuta kwa piridini, kimiminika chenye harufu mbaya ya samaki aliyeoza, ambacho kikigusa dhahabu hunata na kutoa alama kali. Unatia tone, unawasha laser, unatazama skrini. Mchoro ukitulia tambarare, koti ni zima. Alama za piridini zikichomoza, kuna mahali dhahabu imebaki wazi, unamwaga na kuanza upya, kuanzia kwenye kuosha chupa.